KISHIKWAMBI NACHO KIPEWE JEMBE

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walijua kuwa mtu akaaye nyumbani bila kazi huwa mzigo kwa mwenyeji wake, na mwishowe hata heshima aliyopokewa nayo humtoka. Twaona kuwa wakati umefika wa kulitumia neno hilo kwa mgeni mmoja aliyeingia katika shule zetu kwa shangwe na hotuba, na ambaye katika baadhi ya shule bado amekalishwa kwenye mkeka wa wageni. Mgeni huyo ni kishikwambi, pamoja na ndugu zake kompyuta, projekta na mtandao.

Tungependa tueleweke tangu mwanzo. Sisi si maadui wa vyombo vipya. Mtu asemaye kuwa mtoto wa mkulima na wa mfanyakazi atosheke na ubao na chaki, huku mtoto wa mwenye nacho akijifunza kwa kompyuta sebuleni kwao, mtu huyo anataka tabaka mbili za watoto katika nchi moja. Vyombo hivi ni haki ya watoto wote. Lakini haki hiyo haitimizwi kwa kufungua maboksi. Swali letu ni hili: chombo kimekuja kufanya kazi gani, na nani amefundishwa kukifanyisha kazi hiyo?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Vishikwambi vilivyo mikononi mwa walimu wetu wengi vina historia inayojulikana na kila mwananchi. Ndivyo vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi, tarehe 23 Agosti, 2022. Kwa vyombo hivyo taifa lilihesabiwa, tukapatikana watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha, serikali iliamua visirudishwe ghalani, bali vigawiwe walimu. Uamuzi huo ulikuwa mwema, nasi twausifu, kwa kuwa mali ya umma haikuachwa ioze.

Lakini na tujiulize kwa nini chombo kile kilifanya kazi vizuri mikononi mwa karani wa sensa. Je, ni kwa sababu ya kioo chake kizuri? Hapana. Karani alifundishwa kabla ya kutumwa. Alijua kazi yake ni moja, yaani kujaza dodoso. Dodoso lile liliandikwa kwa lugha anayoielewa yeye na mwenye nyumba. Tena alikuwa na msimamizi wa TEHAMA wa kumwendea pindi chombo kilipogoma. Hayo ni mambo manne: mafunzo, kazi iliyotajwa, lugha inayoeleweka, na msaada ulio karibu. Chombo kilikuwa jambo la tano.

Basi kila mkuu wa shule na kila afisa elimu ajiulize kwa unyofu: kishikwambi kilipomfikia mwalimu, je, mambo yale manne yalifuatana nacho? Kama yalifuatana, tunampongeza. Kama chombo kilifika peke yake, basi asimlaumu mwalimu akikiona kimegeuka simu kubwa ya kutazamia habari za mpira. Mgeni asiyeonyeshwa shamba atalimaje?

Wako wasemao kuwa kazi ya chombo inajulikana, nayo ni kufundishia darasani. Maneno hayo ni mepesi kuyasema ofisini. Hebu aliyeyasema aingie katika darasa la watoto 80, akiwa na kishikwambi kimoja chenye kioo cha ukubwa wa daftari, ajaribu kuwaonyesha watoto mwendo wa damu katika moyo wa binadamu. Walioketi mbele wataona, wa katikati watainuka, wa nyuma watapiga kelele, na kipindi cha dakika 40 kitakwisha kwa kutafuta utulivu. Chombo kimoja hakiwezi kuwa ubao wa watoto 80. Kukilazimisha kiwe hivyo ni kumtwisha mwalimu aibu isiyo yake.

Kazi ya kweli ya kishikwambi cha mwalimu, katika hali ya shule zetu, ni kazi ya kabla ya kipindi. Hiyo ndiyo rai yetu. Kimsaidie mwalimu kuandaa somo. Mwalimu wa sayansi aliye katika shule isiyo na maabara aweze kulitazama jaribio usiku, mara mbili, mara tatu, mpaka aelewe ni wapi wanafunzi watakwama, kisha kesho alifanye kwa chupa, maji na mshumaa mbele ya darasa. Mwalimu wa darasa la kwanza ajikumbushe namna ya kufundisha sauti za herufi kabla ya kuzisimamia. Mwalimu wa Jiografia aliye mbali na pwani aone jinsi maji yanavyokupwa na kujaa, ili apate maneno ya kuwaeleza watoto ambao hawajaiona bahari. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuweka vitabu vyake katika maktaba ya mtandaoni. Na palipo na mpango wa MEWAKA, walimu hukutana shuleni mwao kufundishana kazi. Hapo ndipo penye shamba la mgeni wetu. Ubao ubaki kwa watoto, na chombo kimwongezee mwalimu akili na moyo kabla hajaushika.

Msemo wetu huu si mpya katika nchi hii. Vijana wa leo wanadhani kuwa teknolojia ya elimu ilizaliwa pamoja na mtandao. Sivyo. Chombo kipya cha enzi za wazazi wao kilikuwa redio, nayo ilipewa jembe barabara. Mwaka 1969 lilianza jaribio la vikundi vya kusoma kwa redio, lililoitwa Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikafuata kampeni ya Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa majuma 12, wakajifunza habari za malaria, minyoo, kichocho, na usafi wa maji na vyoo.

Wengi wakiikumbuka kampeni ile hukumbuka redio. Sisi twataka wakumbuke kilichoitangulia redio. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikwisha kufundishwa. Vitabu vilikwisha kuchapwa kwa Kiswahili chepesi na kusambazwa. Kikundi kilipokutana kilisikiliza kipindi, kikasomewa kitabu, kikajadili, kisha kikaamua: leo tutafanya nini? Kufyeka majani yanayofuga mbu, kuchimba choo, kusafisha kisima. Redio ilikoma baada ya dakika chache, lakini kazi iliendelea mpaka jioni. Na pale ambapo betri ziliisha au mawimbi hayakusikika, kitabu kilikuwapo na kiongozi alikuwapo, kwa hiyo kikundi hakikuvunjika.

Huo ndio utaratibu tunaoutaka urudi: kwanza mtu, kisha kitabu, kisha chombo. Leo twaona hatari ya kuugeuza kichwa chini, chombo kikatangulia, kitabu kikaahidiwa, na mtu akasahauliwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tutazame yaliyowapata wenzetu. Nchi ya Peru, kuanzia mwaka 2008, iligawia watoto wa shule kompyuta ndogo zaidi ya laki 8. Wataalamu walipozipima shule za vijijini baada ya miezi 15, waliona kompyuta zimejaa na watoto wamezizoea, lakini katika hesabu na katika kusoma hawakuwa mbele ya wenzao wasiokuwa nazo. Jirani zetu wa Kenya waliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza mwaka 2013. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa, mpango ukaanza upya mwaka 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikafikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Kufikisha mzigo mkubwa namna hiyo si kazi ndogo. Lakini huko nako vifaa vingi viliishia kufungiwa makabatini, kwa hofu ya wezi, kwa kukosa umeme wa uhakika, au kwa kuwa mwalimu alihofia kuharibu mali ambayo hakufundishwa kuitumia. Wala tusidhani kuwa ni ugonjwa wa nchi maskini. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu ilionyesha kuwa huko Marekani kwenyewe karibu theluthi mbili ya leseni za programu zilizonunuliwa kwa ajili ya shule hazikutumika. Fedha zilitoka, somo halikuingia.

Lakini Kenya hiyohiyo imetupa pia funzo jema, nasi hatuna budi kulisema. Huko Kisumu, shule ziligawanywa makundi ili kulinganisha njia za kufundisha kusoma. Katika kundi moja, vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozungukia shule na kuwasaidia walimu. Katika kundi la pili walipewa walimu. Katika kundi la tatu kila mwanafunzi alipewa kifaa cha kusomea. Matokeo yalikuwaje? Makundi yote matatu yalizishinda shule ambazo hazikupata msaada wowote, maana yote yalikuwa na vitabu vizuri na walimu walioelekezwa. Lakini kati ya makundi hayo yenyewe hapakuonekana tofauti kubwa. Tofauti kubwa ilikuwa katika gharama. Njia ya kumpa chombo mkufunzi ilikuwa ya bei nafuu kabisa, na ile ya kumpa kila mtoto chombo ilikuwa ghali kuliko zote. Mpango wa Tusome, uliotandazwa Kenya nzima kuanzia mwaka 2015, ulifuata njia hiyo ya nafuu: mtoto akapewa kitabu, mwalimu akapewa mwongozo, na msimamizi anayemtembelea mwalimu akapewa kishikwambi.

Hapa kwetu mtu huyo tunaye. Ni Afisa Elimu Kata. Wengi wao walikwisha kupewa pikipiki ili wafike shuleni. Tunaomba wafike si kwa kukagua daftari la mahudhurio na kuondoka, bali kwa kuketi nyuma ya darasa, kusikiliza watoto watano wakisoma, kuandika alichokiona katika chombo chake, kisha kuzungumza na mwalimu kama fundi azungumzavyo na fundi mwenzake. Chombo kimoja kinachotumiwa hivyo chaweza kuifaa kata nzima.

Twajua kuna hoja ya kutupinga, tena ni hoja yenye uzito. Itasemwa: je, watoto wa Tanga hawakujifunza kwa kishikwambi bila mwalimu? Ni kweli, na habari hiyo ni fahari kwetu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 3,000, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yenye zawadi ya dola milioni 10, waliyogawana washindi wawili mwaka 2019. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Sisi hatulidharau jambo hilo. Kwa mtoto ambaye shule iko mbali naye, chombo kile kilikuwa mkombozi. Lakini tuyatazame mambo kwa ukamilifu. Kwanza, masomo yale yalitungwa kwa Kiswahili, lugha ya mtoto, wala hayakuletwa kwa lugha ya kigeni. Pili, vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na wakapatikana watu wazima wa kuvisimamia. Tatu, ikiwa nusu walivuka, basi nusu nyingine hawakuvuka. Mtoto yule aliyebaki nyuma chombo hakikumwuliza una nini, umekula, unaona vizuri? Swali hilo huulizwa na mwalimu. Kwa hiyo Tanga haikutufundisha kuwa mwalimu hahitajiwi. Imetufundisha kuwa chombo kilichoandaliwa kwa lugha yetu, kikapewa umeme na msimamizi, huzaa matunda. Ni yaleyale mambo ya sensa, na ni yaleyale ya mwaka 1973.

Juu ya lugha twataka tuongeze neno. Mtoto wa shule ya msingi ya umma anafundishwa kwa Kiswahili, lakini akifungua mtandao, sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo imeandikwa kwa Kiingereza. Siku hizi imekuja na akili unde, yenye kujibu kila swali kwa ufasaha wa kutisha, hata pale inapokosea. Mwalimu asiyepata maarifa kwa lugha anayofundishia hulazimika kutafsiri usiku ili afundishe asubuhi. Hiyo ni kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Tunao wasomi katika vyuo vikuu, tunao wataalamu wa lugha, tunao vijana mafundi wa programu ambao wamekwisha kuonyesha, kwa katuni za Ubongo Kids zilizoanza mwaka 2014, kwamba hesabu na sayansi huelezeka kwa Kiswahili kitamu na mtoto akacheka huku akijifunza. Basi fedha ya kununulia chombo isitolewe bila fedha ya kuandikia masomo ya Kiswahili ya kutiwa ndani yake. Chungu bila mboga hakishibishi.

Sasa tugeukie upande wa mfanyakazi, maana mwalimu ni mfanyakazi. Dereva wa basi hatakiwi anunue dizeli kwa mshahara wake. Mpiga chapa hatakiwi alete wino kutoka nyumbani. Vipi basi mwalimu akabidhiwe chombo cha kazi, kisha bando la mtandao, chaja iliyoungua na kioo kilichopasuka viwe juu yake? Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilikuwa ya vitabu. Ruzuku ya namna hiyo ilipimwa kwa chaki na karatasi. Haikupimwa kwa mtandao na fundi. Anayeongeza chombo shuleni bila kuongeza fungu la kukitunza, kwa kweli ameongeza mzigo na kuuita zawadi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya, nayo yote yamo katika uwezo wetu. Kila halmashauri itenge fungu la mtandao na matengenezo kwa shule zake, na fungu hilo lionekane katika hesabu zinazobandikwa ubaoni. Kila tarafa iwe na fundi mmoja wa vyombo vya shule, kijana aliyehitimu chuo cha ufundi, mwenye ratiba ya kuzungukia shule kama vile bwana shamba azungukiavyo mashamba. Umeme uliokwisha kufikishwa kijijini uvutwe mpaka ofisi ya walimu, kwa kuwa nguzo iliyo kando ya barabara haiwashi taa ya darasani. Vitabu na masomo yapakuliwe mara moja kwenye kituo chenye mtandao, kisha yagawiwe kwa walimu wote, ili mwalimu asinunue mara mia kitu kimoja. Na mkuu wa shule atenge saa moja kila juma, ndani ya saa za kazi, ambayo walimu watakaa pamoja na vyombo vyao, wafundishane somo moja tu linalowatatiza.

Kwa walimu nao tuna neno. Chombo ulichopewa ni mali ya umma. Usikifungie kabatini kwa hofu, wala usikigeuze mali ya nyumbani. Mwenzako mwenye umri mkubwa akishindwa kukitumia, usimcheke. Yeye anajua watoto kuliko wewe, nawe unajua kitufe kuliko yeye. Mkibadilishana, shule itafaidi mara mbili.

Na wazazi, wafanyakazi viwandani, bandarini, mashambani na maofisini, msidhani kuwa jambo hili ni la wataalamu peke yao. Mnapoitwa kwenye mkutano wa shule, nendeni. Msiulize tu: vishikwambi ni vingapi? Ulizeni: vinafanya kazi gani? Mwalimu amefundishwa na nani? Kikiharibika kinapelekwa wapi? Mtoto wangu wa darasa la tatu anaweza kusoma ukurasa mmoja bila kukwama? Swali hili la mwisho ndilo mizani ya maswali yote. Kama mtoto hasomi, basi maboksi yote yaliyofunguliwa ni hasara, hata yangepigwa picha mara ngapi.

Taifa lililoweza kuwakusanya watu milioni 2 chini ya miembe kwa redio na kitabu, haliwezi kushindwa kuwapa walimu wake utaratibu wa kutumia chombo walichokwisha kukabidhiwa. Siku mbili za ugeni zimekwisha. Na leo hii, katika kila shule, mgeni ainuke mkekani, apewe jembe, aonyeshwe shamba, na mwalimu ndiye awe msimamizi wake.